Mwaloni wa Spessart na Mwaloni wa Kirumba

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita mlitoa makala kuhusu kuisha kwa misitu Kanda ya Ziwa, na katikati ya ukurasa mkaweka picha kubwa ya kasri dogo lenye mnara wa duara, limesimama ndani ya bwawa, miti imelizunguka kila upande. Chini yake mkaandika kuwa ni kasri la Msitu Mweusi, Ujerumani. Nilikuwa kwa kinyozi, hapa Kirumba. Gazeti halikuwa langu. Nililiomba kwa aliyekuwa analisoma nikasogea nalo mlangoni kwenye mwanga. Nikasema hapana, hapa napajua. Ukingoni mwa bwawa hili nimekaa nikala mkate, Oktoba 2011, vidole vya miguu vimekufa ganzi kwa baridi.

Kasri hilo linaitwa Mespelbrunn. Msitu Mweusi, ambao wenyewe wanauita Schwarzwald, uko kusini-magharibi kabisa mwa Ujerumani, unapakana na Ufaransa na Uswisi. Mespelbrunn iko Spessart, msitu mwingine, kati ya miji ya Aschaffenburg na Würzburg. Ni sawa na mtu aweke picha ya kisiwa chetu cha Rubondo halafu aandike Amani, Tanga. Kote ni msitu na kote ni Tanzania, lakini mwenye kwao hatakubali.

Picha peke yake ningeiacha ipite. Kilichonikalisha chini na kalamu ni maneno ya mwandishi wenu, kwamba Wajerumani waliipenda na kuitunza misitu yao tangu enzi za mababu, na ndiyo maana leo watu wanatoka mbali kwenda kupumzika humo, wakati sisi Wasukuma na majirani zetu tulizaliwa na shoka mkononi. Mimi ni fundi seremala. Miaka zaidi ya 30 nimeunda mitumbwi na vitanda, mpaka mgongo ulipokataa. Shoka nimelishika kweli. Lakini msitu ule nimeutembea kwa miguu yangu siku 9, na niliyoelezwa humo na wenye msitu sivyo alivyoandika mwandishi wenu.

Nilifikaje huko? Wakazi wa Mwanza wanaopanda kwenda hospitali ya Bugando wanaifahamu Barabara ya Wurzburg. Nimeipita kwa miaka, nikiwapeleka wagonjwa na kuwarudisha, nikidhani Wurzburg ni jina la daktari wa zamani. Kumbe ni mji. Mwanza na Würzburg ni miji rafiki tangu 1966, na mji huo una mchango wake katika tiba yetu kuliko tunavyojua: hata picha ya mfupa uliovunjika, ile tunayoiita eksirei, ilianzia kwenye maabara ya Wilhelm Conrad Röntgen mjini Würzburg, Novemba 1895. Basi parokia yetu ilikuwa na udugu na parokia moja ya vijijini upande ule. Walipoomba watu watano waende kuwatembelea, padri wetu akasema mmoja awe fundi, maana huko wanakoenda ni kwenye miti. Nikapata bahati hiyo bila kujua hata neno moja la Kijerumani.

Mkalimani wetu alikuwa sista mzee aliyefanya kazi miaka mingi upande wa Sengerema. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kisukuma kuliko changu. Alinipokea kwa "Mwadila, mzee," nikabaki nimeduwaa na begi mkononi.

Kitu cha kwanza alichonieleza kwenye gari ni kwamba tunapanda milima. Nikachungulia dirishani, siioni. Kilele kirefu kuliko vyote Spessart kinaitwa Geiersberg, kina mita 586 juu ya bahari. Nikamwambia Sista, maji ya ziwa letu yenyewe yako mita 1,134. Kwa hiyo dagaa wa Kirumba wanaogelea juu karibu mara mbili ya kilele cha mlima wenu. Alicheka mpaka dereva akauliza kuna nini, na alipotafsiriwa hakucheka sana.

Ila msitu wenyewe si wa kuchekwa. Mto Main unauzunguka pande tatu kama mkono uliokumbatia, na ndani ya kumbatio hilo kuna vilima juu ya vilima, udongo mwekundu juu ya jiwe la mchanga jekundu, na miti ya majani mapana mpaka macho yanachoka. Jina lenyewe, Spessart, wanasema limetokana na kigong'ota, yule ndege anayetoboa miti kwa mdomo: msitu wa vigong'ota. Na siku ya kwanza asubuhi nilimsikia akifanya kazi, nikajua mwenzangu kaniwahi.

Sasa niseme kuhusu mti, kwa sababu mti ndio ninaoujua. Mti mkuu wa Spessart ni ule ambao Biblia zetu zinauita mwaloni. Mimi tangu utoto nilisoma habari za Abrahamu kwenye mialoni ya Mamre, na Absalomu aliyenaswa kichwa kwenye mwaloni akabaki ananing'inia, na kwa kuwa nimekulia Kirumba, mwaloni ninaoujua mimi ni mwaloni wa samaki, kule mitumbwi inakoshusha dagaa na sato. Mtoto anajiuliza, Absalomu alinaswaje kichwa sokoni? Alinaswa na nyavu? Nilikuwa na umri wa miaka 58 niliposimama mbele ya mwaloni wa kweli. Niliukumbatia, mikono haikufika hata nusu.

Mwenyeji wangu naye alikuwa seremala mstaafu. Hatukuwa na lugha ya pamoja, ila siku ya pili alikuwa ameshajifunza neno "fundi", na tangu hapo akawa ananiita Fundi na mimi namwita Fundi, tukiwa tunaoneshana kwa vidole. Alinipeleka kwenye kipande cha msitu chenye mialoni ya zamani, ipo iliyozidi miaka 400. Nikahesabu kichwani. Speke alipofika huku kwetu akaliona ziwa ni 1858. Miti hii ilikuwa tayari mizee.

Halafu akanionesha kitu ambacho mwandishi wenu angekiona asingeandika alivyoandika. Katikati ya mialoni wameacha mti mwingine, wanauita Buche, wenye gome laini la kijivu kama ngozi ya kiboko. Buche unavumilia kivuli. Unakua taratibu chini ya mwaloni, majani yake yanaufunika mwili wa mwaloni usipigwe na jua, na tawi lisilopata jua linakufa likiwa bado dogo. Matokeo yake mwaloni unapanda juu umenyooka kama mlingoti, hauna fundo hata moja mpaka mita nyingi huko juu. Na kwa kuwa udongo wenyewe si wa rutuba na mti unakua polepole, pete zake za mwaka zinabanana kama kurasa za kitabu. Ukipiga randa ubao wa namna hiyo, randa inaimba. Ndiyo maana mwaloni wa Spessart unauzwa kwa bei ya kutisha, unachanwa vipande vyembamba kama karatasi, ndiyo vinia, vya kubandika kwenye samani za matajiri. Tajiri anadhani ana kabati la mwaloni mtupu. Ana ngozi yake tu.

Kwa hiyo msitu ule ni shamba. Ni shamba ambalo aliyepanda havuni, wala mwanawe, wala mjukuu. Mabwana misitu wa leo wanakata alichoanzisha mtu wa miaka 300 iliyopita. Hilo lastahili heshima, na heshima naitoa. Lakini mapenzi? Hapo nina neno.

Msitu ule ulibaki kwa sababu ya uwindaji. Kwa karne nyingi mwenye Spessart alikuwa askofu mkuu wa Mainz, ambaye zamani hizo alikuwa pia mtawala mwenye askari na kodi. Aschaffenburg aliifanya makao yake ya pili, na kasri lake la Johannisburg, kubwa, la jiwe jekundu, lililojengwa kati ya 1605 na 1614, bado linautazama mto. Askofu na wageni wake walipenda kuwinda kulungu na nguruwe pori. Basi wakazuia watu wasiingie kulima na kujenga watakavyo. Waliokwisha kukaa humo walipewa vishamba vidogo, na kila baba akifa vinagawanywa tena kwa watoto. Nguruwe pori wa askofu akiingia kwenye viazi vya mkulima, mkulima hana ruhusa ya kumgusa. Akimuua, ni jangili. Sista aliponitafsiria hayo niliuliza mara mbili kama anazungumzia Ulaya au anazungumzia vijiji vya kando ya Serengeti.

Na si kwamba hawakukata. Upande mwingine wa msitu walikata hasa. Vioo vilitengenezwa Spessart tangu zama za kati. Kanuni za mafundi wa vioo wa huko zilikwisha kuandikwa mwaka 1406. Kioo kinataka mchanga, na kinataka majivu ya miti kwa wingi wa ajabu, halafu kinataka kuni za tanuru juu yake. Miti ikaliwa. Mwaka 1698 mtawala wa Mainz akaanzisha kiwanda cha vioo vya kujitazamia mjini Lohr, kando ya Main, na vioo hivyo vikawa maarufu kwa ukubwa na urembo wake. Sehemu nyingi zilizokatwa baadaye zilipandwa misonobari, kwa sababu udongo ulishachoka. Mimi niliitambua mara moja, maana ni ile ile hewa ya mashamba ya Buhindi na Rubya tunakonunua mbao: mistari iliyonyooka, chini hakuna jani.

Sasa twende mwaka 1852, na hapa naomba mwandishi wenu asome taratibu. Mavuno yalikuwa yameharibika, viazi vimeoza, na katika vijiji vya Spessart watu walikuwa wanakufa kwa njaa na homa ya taifasi. Serikali ya Bavaria, dola iliyotawala huko wakati huo, ikatuma tume. Ndani yake alikuwemo daktari kijana wa miaka 30, mwalimu wa chuo kikuu cha Würzburg, anaitwa Rudolf Virchow, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa madaktari wakubwa wa dunia. Alipita nyumba kwa nyumba, akaandika ripoti iliyochapishwa mwaka huo huo. Aliona vyumba vya moshi, watu wamelundikana kitanda kimoja, chakula viazi na kabichi iliyochachushwa, basi. Na hakuishia kuandika dawa. Alisema afya ya kudumu ya watu inataka elimu, ustawi na uhuru. Watu walikuwa wanakufa kwa njaa chini ya mialoni yenye thamani kubwa kuliko yote Ulaya, Mhariri. Huo ndio msitu mnaotuwekea picha yake ili tuone haya.

Mke wa mwenyeji wangu alituletea jioni hiyo sahani ya matufaa yaliyokatwa vipande vyembamba na kukaushwa. Nikasema, michembe! Sista akamweleza kuwa kwetu tunakausha viazi vitamu hivyo hivyo, kwa ajili ya miezi ya njaa. Mama yule akanyamaza kidogo, akasema bibi yake alikuwa anakausha si kwa utamu, kwa hofu. Sahani hiyo tuliimaliza wote bila maneno mengi.

Narudi kwenye kasri lenu la ukurasani. Mahali pale Askofu Mkuu wa Mainz alimpa mwaka 1412 askari wake mmoja wa ukoo wa Echter, ajenge kwenye bonde dogo lenye maji. Mwaka 1545 akazaliwa humo mtoto, Julius Echter, aliyekuja kuwa askofu na mtawala wa Würzburg. Yeye ndiye aliyeanzisha hospitali ya Juliusspital mwaka 1576 kwa ajili ya maskini na wagonjwa, ipo mpaka leo, na mwaka 1582 akakifufua chuo kikuu cha mji huo, ndicho hicho alichofundisha Virchow na alichogundulia Röntgen. Kwa hiyo ukivuta uzi kutoka chumba cha eksirei Bugando, unafika kwenye bwawa lile. Lakini wenyeji hawakumpamba. Walinieleza pia kuwa Juliusspital ilijengwa juu ya makaburi ya Wayahudi, na kwamba mwishoni mwa utawala wake watu wengi walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Wenzangu wawili waliguna. Mimi sikuguna. Sisi wa kanda hii, ambako bibi zetu wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu ya moshi wa jikoni, tuna la kujibu kabla ya kuguna.

Wazao wa upande wa ukoo huo bado wanalimiliki kasri, wanaishi sehemu moja, nyingine wanaonesha wageni kwa kiingilio. Ndani kuna silaha na pembe za kulungu ukuta mzima. Nje kuna bata na mti uliojiinamia majini. Ni pazuri, sikatai.

Na sasa mambo ya likizo, maana ndiyo mwandishi wenu aliyoyasifu bila kuyaeleza. Watu wa Spessart wameuchukua umaskini wao wenyewe wakaufanya utalii, na hapo ndipo nilipowavulia kofia. Zamani chumvi ya Bad Orb ilisafirishwa kwa punda kupitia migongo ya vilima, mabondeni kukwepwa kwa sababu ya matope na ushuru. Njia hiyo leo inaitwa Eselsweg, Njia ya Punda, kilomita 111 kutoka Schlüchtern mpaka Großheubach, na watu wazima wenye magari yao wanaiacha barabara na kuifuata kwa miguu, na begi mgongoni, kwa raha! Nilitembea kipande chake saa nne. Kila baada ya mwendo kuna kibao: hapa palikuwa na tanuru la vioo, hapa palikuwa na kijiji, kikahamwa. Kibao kimoja kimeandikwa habari za punda peke yao.

Kuna pia majambazi. Karne mbili zilizopita msafiri aliyepita Spessart kati ya Frankfurt na Würzburg alishika roho mkononi, maana maskini wengine waliingia porini wakawa wanyang'anyi. Wakatungiwa hadithi, hadithi zikapendwa, na nyumba ya wageni iliyokuwa maarufu kwa hadithi hizo, kule Rohrbrunn, ikaja kubomolewa kupisha barabara kuu ya A3. Sasa hivi ukitaka unalipia, basi lenu likifika mahali fulani linavamiwa na watu wenye kofia za manyoya na bastola za bandia, mnapelekwa kula. Wenzangu wa Kanda ya Ziwa, sisi tunavamiwa bure.

Mjini Lohr, kwenye kasri lao lililogeuzwa makumbusho ya Spessart, wanakuonesha kioo kikubwa cha kiwanda kile nilichokitaja, wanadai ndicho kioo kilichokuwa kinasema katika ile hadithi ya binti mweupe kama theluji. Hoja yao ni kwamba mwaka 1725 alizaliwa mjini humo binti wa ukoo wa von Erthal, na msitu upo, na vioo vipo. Ni hoja nyepesi kama vinia. Ila wageni wanajaa, na wakishajaa wanaoneshwa pia zana za wakata miti na habari za njaa, chumba kwa chumba. Niliona watoto wa shule wamekaa sakafuni mbele ya zana za watu maskini, wakichora.

Reli nayo niitaje, kwa kuwa sisi tuko kwenye habari za reli. Treni ilianza kupita Spessart mwaka 1854, miaka miwili baada ya ile njaa, na njia ilikuwa na mwinuko mkali hata ikabidi treni nzito zisukumwe kwa kichwa cha pili kutoka nyuma. Tulipanda treni hiyo. Walikuwa bado wanasukuma! Waliacha 2017, walipotoboa mahandaki mapya. Miaka zaidi ya 160 ya kusukuma, katika nchi ya wahandisi.

Mwaka huo huo wa 2017 Sista, ambaye tunaandikiana mpaka leo kwa WhatsApp, alinitumia picha ya geti la mwenyeji wangu. Alikuwa ameweka bango la kukataa hifadhi ya taifa. Serikali ya Bavaria ilikuwa inatafuta mahali pa kuanzisha hifadhi yake ya tatu, na Spessart ilikuwa mbele kwenye orodha. Lakini watu wa vijiji vile wana haki ya kuni, ya tangu enzi za watawala wa Mainz: kaya zenye haki hiyo zinapata fungu lao la kuni msituni. Mwenyeji wangu alikuwa amenionesha lake, limepangwa chini ya upenu kwa unadhifu wa fundi. Wakaogopa hifadhi ikija kuni zitakwenda. Binti yake alikuwa upande wa pili, anaitaka hifadhi kwa ajili ya ndege na miti mizee. Walikula Pasaka bila kusemeshana. Mabishano yakawa makubwa, na kabla mwaka haujaisha serikali ikaiondoa Spessart kwenye orodha.

Mimi siwezi kusema nani alikuwa na haki pale. Ninachosema ni kwamba mkulima alikatazwa na askofu kumgusa nguruwe, miaka mia kadhaa baadaye mjukuu wake aliweka bango getini, na serikali ikageuka.

Huku kwetu historia ya miti haiko kama ilivyoandikwa. Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo la majani na miti linalofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate kula kiangazi, na hakuna bwana misitu aliyewafundisha. Aliyeamuru vichaka vifyekwe ni serikali ya kikoloni, ikipambana na mbung'o. Baadaye pamba ikamalizia. Na mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, ngitili ndizo zilizorudisha miti mingi, kwa mikono ya wenyewe. Makala yenu haikuzitaja hata kwa mstari mmoja.

Rubondo nayo. Wajerumani waliifanya msitu wa hifadhi zama zao. Miaka ya 1960 wakazi wakahamishwa, na kati ya 1966 na 1969 shirika la wanyama la Frankfurt, mji ulio mwendo wa saa moja tu kutoka Spessart, likaleta sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya likawaachia kisiwani. Sokwe waliozoea kulishwa ndani ya vizimba wakajifunza upya kutafuta matunda! Mwaka 1977 ikawa hifadhi ya taifa. Hadithi kama hiyo ingekuwa Spessart, ingewekewa vibao kilomita 111.

Saanane tunaiona kila siku kutoka Capri Point, dakika chache kwa boti, hifadhi ya taifa tangu 2013. Waulize vijana wa Mwanza Saanane ni nani. Ni jina la mzee aliyekuwa anaishi pale, analima na kuvua, kabla ya wanyama kuletwa. Na lile jiwe letu maarufu majini karibu na kivuko cha Kamanga, linaloonekana kwenye kila kadi ya posta, linaitwa kwa jina la Bismarck, mtu ambaye hakuwahi kuliona. Simwondoi, naye ni historia. Lakini mji mzima wa miamba, na jiwe lililopata jina la kukumbukwa ni la waziri wa Berlin.

Nilichowahi kukipendekeza kwenye mkutano wa mtaa, watu wakacheka, nakirudia hapa kwa maandishi. Ziko njia za miguu juu ya miamba ya Mwanza ambazo mama zetu walipitia na ndoo kabla ya bomba, na walizopitia wachuuzi wa samaki kutoka mwaloni kwenda mlimani. Nyingine bado zinapitika, nyingine zinazibwa na kuta kila mwaka, na mawe yenyewe yanapondwa kokoto na kina mama wanaotafuta ada za watoto, nao siwalaumu, kama nisivyomlaumu yule jangili wa Spessart. Ichaguliwe njia moja tu kwa kuanzia. Vibao vya mbao mimi na mafundi wenzangu watatu wa Kirumba tutavichonga bila malipo, mbao za mninga, herufi za patasi zisizofutika kwa mvua. Wenye dhamana ya utalii mkoani watupe ruhusa na mtu wa historia wa kutuandikia maneno. Kibao cha kwanza ningependa kiwe cha Mzee Saanane.

Na sahihisho langu, Mhariri, nalijua mtaliweka pembeni ya matangazo ya viwanja, si neno. Liwe hivi: kasri lililoonekana katika ukurasa wa 14 ni Mespelbrunn, Spessart, na si Schwarzwald. Huyo mtu mdogo anayeonekana kwa mbali ukingoni si mimi. Nimeangalia kwa miwani.

Fundi seremala mstaafu,
Kirumba, Mwanza